Hodi ya Tatu

Wanafunzi walimwita Daktari Hodi, wakidhani hajui. Alijua, wala hakuchukia, maana jina lenyewe alilitafuta mwenyewe. Kila alipofika kwa mgonjwa aliyepoteza fahamu aliinama sikioni na kusema hodi. Akimaliza alimfinya ukucha, akabisha tena. Mwisho alipitisha kidole mbele ya macho yake, kulia, kushoto, na kupiga hodi ya tatu. Asipopata jibu aligonga chuma cha kitanda kwa pete yake, akawaambia wanafunzi kwamba mlango uko wazi, taa zinawaka, ila mwenyewe hayupo. Wanafunzi walicheka. Wangefanyaje, na mtihani ulikuwa mikononi mwake?

Fundi wa lifti alikuwa amepigiwa hodi hizo kila asubuhi tangu aletwe. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa shina la ubongo, pale chini ya kisogo. Daktari aliwaeleza ndugu zake kwa upole. Shina ndilo huuamsha ubongo uliobaki, kama swichi kuu ya nyumba, na kwa huyu swichi bado inafanya kazi, ndiyo maana hufumbua macho kukipambazuka. Lakini kuwa macho ni jambo moja, na kuwa na fahamu ni jambo jingine. Mashine ya kusoma umeme wa ubongo ilikuwa mbovu siku nyingi, ikisubiri kipuri, kwa hiyo neno la daktari ndilo lililokuwa la mwisho. Ndugu wakaafikiana kwa shingo upande: wangemuaga alasiri, kisha mashine ya kupumulia izimwe.

Mkewe aliomba kwanza amnyoe ndevu. Hakutaka watu wamuage mumewe akiwa na sura ya mtu aliyetoroka jela. Daktari alipoingia kukagua mrija wa kooni alimkuta na beseni, wembe na kioo kidogo cha nyumbani, akiongea na mumewe kama kawaida yao. Alikuwa akimtania kwamba leo ametulia vizuri, siku zote hunyolewa huku akitoa maelekezo kama bosi.

Alipomaliza akasahau yuko wapi. Nyumbani mume hakuikubali kazi mpaka aikague, basi mkono wake ukakiinua kioo taratibu, kutoka kifuani hadi usoni. Macho ya fundi yakapanda pamoja na kioo.

Daktari akasogea kitandani. Akamwomba yule mama arudie, naye akarudia kwa woga, akidhani amekosea kitu. Kioo kikashuka, macho yakashuka. Kikapanda, yakapanda. Daktari akakichukua, akakipeleka kulia. Macho hayakusogea. Akakipeleka kushoto. Hayakusogea.

Hapo akaelewa. Lile donge la damu lilikuwa limezikata njia zote zinazopeleka amri kwenye mikono, miguu na ulimi, pamoja na ile ya kuyageuza macho upande. Juu ya mkato, ubongo ulikuwa mzima. Jambo hilo alilisoma zamani akalifaulu kwenye mtihani. Na kila asubuhi alikuwa akimpitishia mtu huyu kidole kulia na kushoto, upande ambao hakuweza kumjibu.

"Fundi," alisema, akimwinamia. "Ndiyo ni juu. Hapana ni chini. Wewe ni mpishi?"

Macho yakashuka.

"Ni fundi wa lifti?"

Yakapanda.

Daktari akachomoka mbio mpaka kwa muuguzi wa zamu, akamwambia mashine isiguswe na mtu yeyote. Aliporudi alimkuta yule mama ameupakata mkono wa mumewe, machozi yanamtiririka. Alikuwa akimuuliza kama alisikia kaka yake alipomkadiria urefu wa jeneza, papo hapo miguuni pake. Macho yakapanda.

"Nilikwambia huyo hana haya," mama akasema, akicheka na kulia kwa pamoja.

Daktari alitamani aishie hapo. Akashindwa.

"Hodi zangu ulizisikia?"

Juu.

"Na nilipokufinya, uliumia?"

Juu.

"Niliposema mwenyewe hayupo?"

Macho yakapanda yakabaki huko juu, hayashuki, mpaka yeye ndiye aliyegeuza uso.

Akageukia dirishani. Pale palikuwa na kitanda kitupu, shuka limenyooshwa vizuri. Wiki iliyopita alilala hapo mama mmoja mshona nguo, ambaye naye alikuwa akifumbua macho kila kukipambazuka. Naye alipigiwa hodi zake tatu, na chuma kikagongwa kwa pete. Mashine ilipozimwa, binti zake walimshika daktari mikono yote miwili wakamshukuru kwa wema wake.

Aliivua pete akaitia mfukoni. Kisha akakiendea kile kitanda, kioo bado kiko mkononi, akainama juu ya mto pale ambapo sikio lingekuwa.

"Hodi," alisema kwa sauti ndogo.

Nyuma yake mke wa fundi alikuwa akimtazama. Daktari alibaki ameinama, akingoja jibu kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumngojea mtu aliye hai.