Sauti Iliyoitika Chini ya Magadi

Uvumi ulikuwa kwamba lile gari lililomezwa na ziwa la magadi mvua zilizopita bado linapiga honi huko chini. Mama Simaloi aliufukuza kama nzi, nao ukarudi kama nzi. Dereva wa gari lile alikuwa mtoto wa dada yake, aliyemlea mwenyewe, na mwili haukupatikana. Tangu hapo hakuna mtu wa boma aliyelitaja jina lake. Kwao Wamaasai marehemu huondoka na jina lake.

Jumamosi wakaja vijana wa mjini na Landikruza, wakapiga mahema kando ya chemchemi za moto. Simaloi, binti yake wa pekee, ndiye aliyekuwa akiwaonyesha njia. Mama akawapelekea maziwa ya kibuyu. Dereva wao, Mmaasai mzaliwa wa mjini, akainamisha kichwa aguswe utosini, salamu ya kijana kwa mkubwa.

"Yeyo," yaani mama, "mimi ni Sironka."

Mkono wa mama ukagoma hewani. Ndilo lile jina lisilotajwa.

"Karibu, mgeni."

"Mgeni tena? Mama yangu, mimi damu yenu! Niite Sironka."

"Damu gani, hata kukamua hujui!" Simaloi akamtania. Kisha akamnong'oneza mama, "Mpe jina jingine basi, kama desturi."

"Kesho anaondoka. La nini?"

Hapo ndipo alipokosea.

Asubuhi vijana walitaka kuvuka kuwafuata ndege heroe. Simaloi akatangulia kwa miguu, akidunga gamba jeupe la magadi kwa fimbo, akawaambia wangoje ishara. Hawakungoja. Mama alikuwa na mbuzi ufukweni alipoona Landikruza ikimfuata mwanawe. Gamba lile juu ni sakafu, chini ni uji.

"Simaloi!" akaita. Binti akageuka, akaanza kurudi mbio, moja kwa moja kuelekea gari.

"Mgeni! We mgeni, simama!"

Ndani wote walikuwa wageni. Wakampungia mikono, wakicheka.

Gamba likalia kama mfupa unaovunjika.

"Sironka!"

Gari likasimama. Dereva akarudi kinyumenyume juu ya alama zake, Simaloi akazunguka mbali akafika ufukweni salama. Lakini kabla dereva hajafungua mdomo, chini ya magadi, pale pale, kijana mwingine alikuwa ameshaitika: "Naam, yeyo."

Sauti ile mama aliilea mwenyewe. Aliijua.

Tangu hapo, jua likielekea kuzama, sauti humwita Simaloi kutoka ziwani, na ni sauti ya mama yake, huku mama yuko naye jikoni, midomo ameifumba. Jioni moja Simaloi alikwisha kuitika "Naam", mama akamkamata mlangoni. Sasa anakaa kwa shangazi yake milimani, na mama haendi kumwona, asije akafuatwa na sauti ile.

Kwa hiyo, mnaokuja na mahema yenu:

Usiendeshe gari juu ya gamba jeupe.
Usimfuate anayekupimia njia kabla hajakuita.
Usilale bondeni mvua ikiwa milimani.
Usimwite mtu jina lake ukiwa ziwani.
Usiitike mpaka umemwona anayekuita.