Kichupa cha Kuonyesha Wageni

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kimevaa koti jeupe na kinaitwa Profesa.

Nilibakiza jaribio moja tu nikabidhi tasnifu, nihitimu mwaka huu. Mama ameshawatangazia shangazi zangu wote, na ukishawaambia wale hakuna kurudi nyuma. Jaribio lenyewe lilitaka kipande cha kimeng'enya cha binadamu, kile kinachonakili jeni, ambacho kiwandani hukitengeneza kwa kutumia bakteria. Tulikiagiza, tukasubiri mpaka nikazeeka. Kikaja kichupa kidogo, ndani tone. Sharti lake maabara nzima inalijua: kikae kwenye friza mpaka siku ya kazi. Ukikiyeyusha na kukigandisha mara kwa mara, kwisha habari yake. Na aliyetufundisha hayo ni Profesa.

Jana nikakitumia. Patupu. Nikarudia, patupu vilevile. Nikalaumu maji, nikalaumu mashine, nikajilaumu mwenyewe. Mwenzangu wa meza ya pili akanionea huruma.

"Kwani hujui? Kila wageni wakija, Profesa anakitoa kwenye friza awaonyeshe. Wanakishika mmoja mmoja, wanapiga picha, kisha anakirudisha."

Jamani. Nilikwenda ofisini kwake bila hata kupiga hodi. Nilimkuta anafuta miwani.

"Profesa, kile kichupa umekiua."

"Mimi? Nakirudisha kwenye friza kwa mkono wangu, binti yangu. Sijawahi kukisahau nje hata siku moja."

"Ndivyo kilivyokufa hivyo. Kinayeyuka viganjani mwa watu, unakigandisha, wakija wengine unakitoa tena. Si wewe uliyetufundisha?"

Akavaa miwani, akaivua tena.

"Sasa wageni wakija niwaonyeshe nini? Makabati?"

Hasira zilinipanda. Nikamwambia mwaka huu sihitimu, na kwamba mama yangu atakwenda kumweleza nini kila shangazi, hilo aje alijibu yeye. Akasema pole, na najua ilitoka moyoni, maana ni mtu mwema, na hapo ndipo anaponichosha.

"Ungeniambia tu, mzee wangu," nikasema. "Ningekutilia maji kwenye kichupa kingine. Nani angejua?"

Akanitazama kama nimemtusi.

"Binti, unataka mimi niwadanganye wageni?"