Ruhusa ya Msumari

Tasnifu ya uzamivu ya Vendela Roos ilikuwa mezani tangu asubuhi, na Gunvor Lidmark alikuwa hajaigusa. Alikuwa anaizunguka tu kama mtu anayemzunguka mbwa asiyemjua. Yeye ndiye mkuu wa idara ya masoko, na pale chuo cha biashara tasnifu haitetewi mpaka kwanza ipigiliwe msumari kwenye ubao wa ukumbini, ikae wiki tatu, kila mpita njia aifunue aisome. Na haipigiliwi mpaka mkuu wa idara aandike kwenye ukurasa wa kwanza, kwa mkono wake, "Ipigiliwe", na jina lake chini. Gunvor alikuwa ameliandika neno hilo mara ishirini na tisa bila kufikiri.

Leo kalamu ilimwia nzito, maana kitabu hiki kilikuwa kinamfuta yeye.

Nje theluji ya Machi ilikuwa inaanguka, ile ya vipande vikubwa isiyo na haraka. Akiitazama, Gunvor alijiona ana miaka thelathini na tano, amesimama mlangoni pa duka la vyakula na saa ya kuhesabia sekunde mkononi. Kando yake oveni ndogo inaoka skonzi za iliki. Watu wanaingia, harufu inawapokea, na miguu inapunguza mwendo kana kwamba wanatembea ndani ya maji. Wanakawia, wananunua. Makala yake ikatoka kwenye jarida kubwa, na tangu hapo maisha yalimbeba bila yeye kupiga hatua: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa, kumbi za Vienna na Lisbon, na wageni wanaomwita "yule wa iliki". Maduka ya Sweden nzima yakaanza kunukia. Alikuwa na furaha, tusimwonee, na ilikuwa furaha ya kweli.

Vendela alibisha hodi akaingia na soksi tu, viatu vya theluji ameviacha mlangoni.

"Gunvor, hujasaini bado? Au unaogopa wino utakwisha?"

"Kaa kwanza. Maduka arobaini, Vendela. Hukuona harufu ikipunguza mwendo wa watu hata kwenye moja?"

"Hata moja. Iliki iwepo, isiwepo, watu wanatembea vilevile. Nimehesabu mpaka nikawa naota miguu." Akacheka, kisha akaacha. "Lakini sijaandika kwamba ulikosea. Nimeandika kwamba sababu ya matokeo yako haijulikani. Bahati mbaya tu. Si inaweza kumpata yeyote?"

Mlango huo aliachiwa wazi kwa mapenzi. Gunvor angesaini, angestaafu Juni na maua yake, na hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Akashika kalamu. Lakini lile duka halikumtoka machoni. Lilizidi kumsogelea, na safari hii akaona sehemu aliyozoea kuiruka: theluji inayeyuka kwenye viatu vya wateja, vigae vinang'aa, na mfanyakazi mmoja anapiga deki huku akirudia, "Taratibu, mama, utateleza. Taratibu, mzee wangu."

"Sakafu ilikuwa imelowa," Gunvor akasema.

"Sakafu gani?"

"Ya duka langu. Wiki ya iliki theluji ilikuwa inayeyuka. Wiki zile mbili nyingine, zisizo na iliki, palikuwa pakavu. Watu walikwenda polepole wasije wakaanguka, basi."

Vendela alimkazia macho. "Umekumbuka sasa hivi?"

Swali hilo Gunvor alikuwa amelikimbia miaka thelathini na moja.

"Hapana. Niliandika kwenye daftari siku ileile. Halafu sikuiweka kwenye makala. Nilijiambia ni jambo dogo."

"Ah, Gunvor! Miaka minne nimeitafuta sababu. Minne! Ungeniambia hata kwenye kahawa."

"Najua. Nisamehe." Aliona aibu, na hakuificha.

Vendela akagusa jalada la tasnifu. "Kitabu kimeshachapwa. Siwezi kuongeza kitu."

"Mimi naweza."

Akafunua ukurasa wa kwanza, akaandika "Ipigiliwe", na chini yake: "Sakafu ilikuwa imelowa. Nilijua tangu siku ile." Kisha jina lake lote.

Saa tisa alasiri idara nzima ilikusanyika ukumbini na vikombe vyao vya kahawa. Vendela akausoma ukurasa ule kwa sauti, bila kumtazama mtu. Torkel wa ofisi ya jirani, aliyekuwa ameanza kuandaa hotuba ya kumuaga Gunvor, alitazama viatu vyake.

Vendela akakibana kitabu kwenye ubao, akamnyooshea Gunvor nyundo.

"Anayepiga ni mwandishi," Gunvor akanong'ona. "Ndiyo desturi."

"Desturi naijua. Na wewe si umeandika humu? Haya, piga. Ila vidole vyangu navihitaji."

Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko. Gunvor akaipokea nyundo kwa mikono miwili. Pigo la kwanza lilikwenda upande. La pili likashika, la tatu likauzamisha msumari. Kisha akasogea pembeni ili watu wapate kusoma.