Karatasi ya Pamba na Pasi ya Makaa

Mutu akisema tonton Isaïe, mujomba wangu, aliharibu, mimi nitagombana naye. Ruhusa ya kumutukana tonton iko kwangu peke yangu, na mwaka ule niliitumia vizuri.

Jina langu Wivine, mupiga picha. Studio yangu iko Kisangani, commune ya Makiso, nyuma ya soko. Mwaka 2002, vita bado haijaisha, shirika moja lililokuwa linachora ramani likafunga ofisi. Mashine yao ya kuchapisha ramani ilikuwa ndefu kuliko kitanda cha bwana na bibi, na ndege iliikataa kwa sababu ya uzito. Mukubwa wao, muzungu mumoja mupole anaitwa Carlos, akaniachia mimi. Akaniachia pia wino za rangi saba na mita nne za karatasi ya pamba, nzito, laini, isiyong'aa hata kidogo. Alisema karatasi ya namna hiyo ndiyo inatundikwa kwenye nyumba kubwa za sanaa, na picha inakaa miaka mia bila kupauka.

Kisha akanipa habari iliyonikosesha usingizi. Alikuwa ametoa picha yangu moja toka filamu kwa mashine za ofisi yake, akaituma Bruxelles, kwenye nyumba ya maonyesho, na wale watu waliitaka: upana mita moja, kwa karatasi ile ile, ukingo mweupe pande zote, bila doa. Carlos angeipeleka mwenyewe kwa ndege ya Jumamosi. Isipofika, nafasi yangu ukutani inapewa mwingine. Miaka ishirini nilikuwa ninapiga picha za watoto wa ubatizo na za vichwa vya kadi. Nilitaka ule ukuta, nisikudanganye. Niliutaka mpaka chakula kilinishinda.

Picha yenyewe ni ya tantine Vicky, bibi ya tonton Isaïe. Niliipiga juni 2000, siku bombe za vita ya siku sita ya Kisangani ziliponyamaza. Anatoka kwake, commune ya Tshopo, mvua inamunyeshea, na juu ya kichwa amebeba mulango. Nyumba iliungua na kila kitu, mulango tu ulibaki. Mimi sikumusaidia kubeba. Nilipiga picha, filamu nikaificha ndani ya kitambaa cha kiuno. Mwaka uliofuata malaria ikamuchukua.

Bon, tuchapishe. Mara ya kwanza courant ya umeme ilikatika katikati, tantine akatoka bila miguu. Mara ya pili karatasi ilikuwa imekunywa unyevu wa muto, ikajikunja, kichwa cha mashine kikaikwaruza na kuacha mustari mweusi toka upande huu mpaka ule. Nilitukana mashine, nikatukana muto, nikatukana na fundi aliyeunda umeme, Mungu anisamehe. Ilibaki karatasi ya mara moja tu. Nikaenda kuomba groupe, mashine ya kuzalisha umeme, ya Papa Hilaire, muNande wa duka la jumla, nikangoja saa sita mchana jua likaushe hewa, nikawasha. Mashine ilienda polepole, kwenda na kurudi, kama bibi anayefagia mbele ya wageni. Saa nzima sikukaa chini.

Ikatoka. Weusi wake ulikuwa weusi kweli. Mvua ilionekana tone kwa tone, na kwenye mulango uliona hata tundu la ufunguo. Carlos alikuwa ameagiza: ikae siku nzima ikauke, isiguswe ila kwa mifuko ya mikono ya pamba. Nikailaza juu ya meza, nikaifunika na shuka safi, nikaenda kutafuta tuyo, bomba la kuisafirishia ikiviringishwa.

Sasa nikuambie kazi ya tonton. Anakaa mbele ya mulango wa studio yangu na pasi ya makaa, anaplastifia karatasi za watu, anazifunika plastike kwa moto. Wakati wa vita kazi hiyo ni kubwa. Kwenye kizuizi asikari anakuomba karatasi, na kama jasho au mvua imezila, unalala cachot, gerezani. Tonton alitia plastike kadi za ubatizo, diploma, ruhusa za kusafiri kwenda Ubundu. Mwanamume mumoja wa Bengamisa alimuletea barua ya muchumba wake, akaitia plastike pande mbili. Kwa tonton, karatasi bila plastike ni mutoto uchi.

Nilirudi saa kumi na tuyo yangu begani. Studio ilinuka pasi. Tonton amepiga magoti chini, jasho linatiririka, mablanketi yametandazwa sakafuni, na juu ya mablanketi ni tantine Vicky, anang'aa kama sahani ya sikukuu.

Alikuwa amenunua mulundo wa plastike kwa mfuko wake mwenyewe. Alikuwa ameunga vipande sita, na viungo vilikuwa vimenyooka, kazi ya fundi. Ukingo mweupe aliukata, kwa sababu plastike ni ghali na pale hakuna kitu. Na pembe zote nne alikuwa amezizungusha, kama za kadi ya muchaguzi.

"Haitaingia maji tena," aliniambia. "Hata ikianguka ndani ya muto, iko salama."

Sitarudia niliyosema. Majirani walitoka nje. Nilimwambia amenichinja na pasi, nilimwambia asante ya punda ni mateke, na nilimwambia asiketi tena mbele ya mulango wangu. Tonton alinisikiliza mpaka mwisho, akazima makaa, akasimama.

Carlos alifika Ijumaa asubuhi. Aliinama juu ya ile picha, akavaa miwani, akaivua, akaomba maji ya kunywa.

"Inaweza kutoka?" aliuliza.

Tonton, aliyekuwa amerudi kama kawaida, alijibu kwa fahari: "Haitoki. Mimi ninatoa garantie."

Karatasi hakuna, siku hakuna. Maji yakimwagika hayazoleki. Jumamosi ndege iliondoka na Carlos na tuyo tupu, nikaisikia ikipita juu ya studio, nikajifungia ndani ya chumba cha nyuma nikalia kama mutoto. Ilipofika jioni niliona picha haipo. Tonton alikuwa ameibeba.

Jumapili baada ya misa nilimufuata. Bado nilikuwa na maneno, mengine nilikuwa nimeyatengeneza njiani. Kufika, uwanja wake umejaa watu. Mabenchi, chai, bamama wa kwaya wenye vitambaa vya namna moja, hata jamaa wa tantine waliopanda pirogue ya muto toka Yanonge. Katikati wameweka kiti, na juu ya kiti wamemuegemeza tantine Vicky, na jua linamupiga.

Ndipo nilikumbuka matanga yake. Kwetu, mutu akifa, picha yake inawekwa juu ya kiti, watu wanalia wakimuangalia. Tantine hakuwa na picha, zote ziliungua ndani ya nyumba. Siku tatu tulilia mbele ya kiti kitupu. Na mimi, mupiga picha wa jamaa, nilikuwa na filamu ile ndani ya bati ya maziwa, na sikuwa na karatasi wala dawa za kuitoa, na nilikuwa na haya ya kusema kwamba ninayo. Halafu Carlos akaja na mashine zake, nikamutuma tantine Bruxelles. Watu wa Bruxelles walimuona kabla ya bwana yake. Tonton alimukuta mwenyewe, siku ile, alipofunua shuka.

Haya ilinipanda mpaka masikio.

Tonton aliniona, akanisogezea nafasi kwenye benchi la mbele, karibu naye. Watu walipita mumoja mumoja, wakamugusa tantine kwenye shavu, kwenye mukono, wengine na vidole vya mafuta ya beignet, mandazi yetu, na tonton alipangusa na kitambaa kila mara, taratibu.

Nikasimama. Kiburi hakifi siku moja. Nilitoa kalamu ndani ya saki yangu ya begani, nikainama kuandika jina langu pale chini, hata kidogo tu, watu wajue. Kalamu iliteleza juu ya plastike. Nikakaza mukono, ikateleza tena.

Tonton alishika mukono wangu.

"Acha, mwanangu," alisema. "Hapa kila mutu anamujua Vicky."