Masikio ya Kondoo wa Jabez

"Jamani, kondoo wa nani huyo ananukia hivyo?" Kezia Pargeter aliuliza kutoka ng'ambo ya ua, mdomo umejaa kicheko.

Tamsin alicheka naye. Lakini swali lina miguu. Jua halijatua, lilikuwa limeshafika kwa askari Slee, naye Slee alikuwa akimsaka kondoo wa Bwana Fennimore aliyepotea. Pale kando ya Mto Hawkesbury, kwa watu walioletwa na meli ya wafungwa kutoka Uingereza, kila kilichopotea kilianza kutafutwa majumbani mwao. Jabez, mume wa Tamsin, akakamatwa. Akionekana ana hatia, hati yake ya ruhusa ya kuishi nje ya gereza ingechanwa, angechapwa viboko na kurudi kuvunja mawe barabarani na minyororo miguuni. Tamsin akabaki na mtoto na dua.

Kesi ilisikilizwa kilabuni, mapipa yamesukumwa ukutani.

"Kondoo nilipewa na Quinlan, ujira wa kumjengea ua," Jabez alisema. "Mwenyewe kaenda Sydney."

"Mkishikwa, mashahidi wenu wote huwa Sydney," hakimu alisema, watu wakacheka. "Ngozi iko wapi?"

Ndiyo iliyokuwa sheria: ukichinja, weka ngozi na masikio yake, maana alama ya mwenye mfugo hukatwa sikioni. Slee akaitandaza ngozi. Haikuwa na masikio.

Watu wakaguna. Hiyo ndiyo kazi ya mwizi.

"Haya mama, masikio umeyapeleka wapi?" hakimu akamuuliza Tamsin.

Tamsin akasogea mbele. Kwao alikozaliwa, anayechinja humpelekea jirani kichwa kizima, bila kukichuna. Alifanya hivyo kwa mazoea, sheria hata haikumjia akilini.

"Yako kichwani, Mheshimiwa. Na kichwa… nilimpa jirani."

Jina hakulitaja. Kezia naye alikuwa mfungwa mwenye hati, na anayepokea nyama ya wizi ni mwizi vilevile. Angekana, nani angemlaumu? Tena tangu Jabez ashikwe, Tamsin akimlaumu Kezia kwa lile swali lake, wanawake hao hawakuwa wakisemeshana.

Kule nyuma Kezia akainuka, akatoka.

"Huyo, katimua mbio!" Slee akasema.

Tamsin akafumba macho. Ee Mungu, usituache.

Alipoyafumbua, Kezia alikuwa amerudi na ndoo ya maji ya chumvi. Akachomoa kichwa cha kondoo, akakitua juu ya karatasi za hakimu, maji yakachuruzika.

"Nilikiloweka, nangojea Jumapili. Tazama hayo masikio, Mheshimiwa."

Hakimu akakunja pua, akainua sikio kwa ncha ya kalamu. Lilikuwa na mkato kama mkia wa mbayuwayu. Bwana Fennimore akasogea, akaangalia, uso ukamshuka.

"Si yangu hiyo. Alama ya Quinlan."

"Mfungueni," hakimu akasema. "Na mniondolee hiki kitu mezani!"

Tamsin akalia, akacheka, akamshika mumewe mkono kana kwamba bado wangemchukua. Ashukuriwe Mungu. Kisha akamgeukia jirani yake.

"Shoga yangu, mimi…"

Kezia alikuwa ameshakirudisha kichwa ndooni. Akajifuta mikono kwenye aproni, akabeba ndoo yake, akatoka kabla Tamsin hajamaliza kusema.