Cherehani Bila Uzi

Sufuria ya mahindi ilikuwa haijachemka vizuri simu ya Juliana ilipoita. Aliyepiga ni Generosa, mwenye karakana ya kushona ovaroli za wachimbaji, bosi wake mpaka mwezi wa tatu biashara ilipodorora.

"Mama Mayala, njoo kazini," alisema. "Sasa hivi."

Juliana hakuuliza neno la pili. Mahindi aliyokuwa ayauze stendi ili jioni nyumbani kwake paive kitu, alimwachia jirani. Alioga, akavaa gauni lake la kazini, akatoa mkasi wake chini ya godoro, akashika njia kwenda mjini Geita kwa mguu. Alikuwa akitabasamu peke yake barabarani, na alipojigundua aliona haya, lakini furaha haikumtoka. Nani angemlaumu? Aliyeitwa kazini ni fundi, si muuza mahindi.

"Mwangaluka, Mama Maige," alimsalimia Generosa mlangoni kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Kaa kwenye cherehani ile ya dirishani."

Juliana alisimama kwanza. Cherehani za karakana zilikwishauzwa zote. Hizi zilikuwa ngeni. Ya dirishani aliitambua kwa ile pedali iliyofungwa mpira wa baiskeli: ni ya mzee Abdulshakur, fundi wa barazani mtaa wa nyuma. Kwenye nyingine walikaa wenzake Generosa wa kikundi cha mkopo, wauza nyanya na dagaa, wameweka mikono mapajani kama wageni msibani.

"Watu wa mkopo wa serikali wanakuja kukagua," Generosa alisema, hamtazami usoni. "Wanataka waone biashara inatembea na imeajiri. Hawa hawajui kushona. Wewe wakikuangalia wataamini."

"Kazi yenyewe ipo?"

"Mkopo ukitoka, ipo."

"Na uzi uko wapi?"

"Uzi sina, Mama Mayala. Endesha hivyo hivyo."

Moyo ulimshuka, lakini alikaa. Alipanga vipande viwili vya kitambaa cha bluu, akateremsha mguu wa cherehani, akaanza kukanyaga pedali. Sindano ilipanda na kushuka bila kushika chochote. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mikono yake iliifurahia kazi hata hivyo.

Afisa alifika jua la mchana limekwisha kuwa kali. Jina lake Ignas, kijana mpole, shati limemganda mgongoni, amefuatana na mpiga picha. Wote walimwamkia Generosa shikamoo. Kisha Ignas akaja dirishani, akainama juu ya kazi ya Juliana. Aliitazama sindano. Alikitazama kile kijiti juu ya cherehani ambacho hakikuwa na rili ya uzi. Macho yao yakakutana, na Juliana akajua kwamba amekwisha kuona.

"Dada umeajiriwa hapa?"

Wauza nyanya waliacha kupumua. Angesema hapana, kikundi kizima kingerudi na njaa yake, na Generosa angetolewa vyombo nje na mwenye nyumba wake.

"Ndiyo," alisema Juliana.

"Hongera." Ignas akamgeukia mpiga picha. "Mpige kwa upande ule, mkono usizibe uso. Sindano iache."

Wakati wa kuaga Generosa aliuliza mkopo utatoka lini.

"Fungu la mwaka huu limekwisha, mama. Tuombe uzima, mwaka wa fedha ujao." Alisita kidogo, kwa aibu. "Ila ajira tunazihesabu leo. Juu wanataka idadi."

Gari lao halijakata kona, mzee Abdulshakur alikuwa mlangoni amefuata cherehani yake, maana naye alikuwa na kaptula za watu za kushona. Wauza dagaa walitawanyika haraka. Juliana hakuinuka. Aliacha mguu juu ya pedali.

"Mama Mayala, mzee anangoja," Generosa alisema. "Nenda tu. Nitakuita."

"Hapana. Mwezi wa tatu uliniambia hivyo hivyo, nikakaa ndani naogopa hata kwenda kisimani simu isije ikaita nikiwa mbali. Leo serikali imeniajiri mbele yako. Kama siyo kazi, niambie nimeachishwa, nijue moja."

"Usinifanyie hivyo, mwenzangu."

"Sema tu."

Mzee Abdulshakur alitazama nje. Generosa alivuta kanga usoni.

"Umeachishwa kazi, Juliana."

"Asante."

Aliinua mguu wa cherehani, akakunjua kitambaa. Vipande viliachana, kila kimoja na mstari wake wa matundu, umenyooka bila kupinda popote. Alivikunja, akaviweka mezani mbele ya Generosa aliyekuwa amejiziba uso kwa kanga. Kisha akauzungushia mkasi gazeti, akampisha mzee, akatoka kwenda kuona kama jirani ameyauza yale mahindi.