Ombi la Kurudishiwa Sauti

Jumanne, saa nne asubuhi, Charlotte Mbelu alikuwa mtu wa pili kwenye foleni ya ofisi ya serikali inayolinda wateja, Kolwezi mjini. Alikuwa amevaa kitenge cha kwendea misa, na mkononi ameshika daftari la shule na kalamu mbili, moja ya akiba. Mbele yake alikuwa tata Josias, mstaafu wa reli, aliyeletwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kwa sababu programu ya simu ya kuhesabu hatua ilikuwa imebaki na hatua zake zote tangu Pasaka. Wakamwandikia, wakampigia muhuri, na wanawe wakamwinua na kiti chake wakatoka naye.

Inspekta Baudouin Ntambwe akavuta fomu nyingine. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye subira, ambaye kwa miaka kumi na mbili alikagua mizani za sokoni na tarehe za makopo ya maziwa. Mambo ya programu za simu yaliletwa mezani kwake mwaka uliopita, na meza ikabaki ile ile.

“Kampuni inakuzuilia kitu gani, mama?”

Charlotte akaandika daftarini: Sauti.

“Yote ao kipande?”

Yote.

Baudouin akajaza: sauti moja, ya mwanamke, kamili.

Mambo yalianza kwa nia njema. Mama yake Charlotte, mama Henriette, alikuwa anaishi Mutshatsha, na macho yake yalikuwa yamezimika miaka minne iliyopita. Kila Jumapili, misa ikiisha, Charlotte alimpigia simu kutoka Musonoi, mtaa wake wa Kolwezi, lakini mtandao wa Mutshatsha ulikuwa unakata maneno katikati. Ujumbe wa maandishi ulikuwa unafika vizuri, ila mama hakuweza kuusoma. Ndipo Charlotte aliposikia habari za Itika, kampuni iliyokuwa na programu ya kuwasomea vipofu ujumbe kwa sauti ya mtu wao.

Jumamosi tatu alikaa mbele ya simu akisoma sentensi alizopewa: Kesho mvua itanyesha. Bukari iko tayari. Usiogope, niko hapa. Alipomaliza kulitokea kurasa arobaini za Kifaransa chenye herufi ndogo kama mchanga, na chini yake kitufe cha kijani. Akakibonyeza. Jumatatu, kwenye meza yake ya samaki wakavu, alifungua kinywa kumwita mteja, na hakikutoka kitu.

Muuguzi wa zahanati alimmulika kooni.

“Koo iko muzima,” akasema. “Sauti njo haiko.” Akampa vidonge vya homa.

Baada ya wiki moja Charlotte aliisikia kwenye kituo cha mabasi, ikitangaza safari za asubuhi. Halafu aliisikia kwenye mashine ya benki, halafu kwenye lango la supamaketi ikiwaambia watu wafungue mifuko. Ilikuwa inafanya kazi vizuri, haikauki wala haichoki. Watu wa Musonoi wakazoea. “Mama Charlotte, tulikusikia ku banki,” walimwambia, naye aliwaitikia kwa kichwa.

Kila alasiri, akishafunga meza, alikwenda kituo cha mabasi na kukaa kwenye benchi la wasafiri, bila mzigo. Hakuna aliyemfukuza. Alisikiliza sauti yake ikisema Likasi, ikisema Lubumbashi, ikivuta pumzi kidogo kabla ya kila jina. Kwa miaka arobaini na moja aliitumia kuitia wateja na kugombeza kuku, na hata siku moja hakuwahi kukaa akaisikiliza. Sasa alijua ilikuwa sauti nzuri. Alijua pia ilikuwa inapanda kidogo mwishoni mwa sentensi, kama ya mtu anayetumaini kujibiwa, na basi la mwisho lilipoondoka alibaki benchini dakika chache, kama mtu aliyesindikiza.

Alhamisi Baudouin alimchukua wakaenda pamoja kwenye ofisi ya Itika, ghorofani, juu ya duka la buti na kofia za mgodi. Kulikuwa na mfanyakazi mmoja tu, msichana anayeitwa Joyeuse, aliyewapa maji. Mkurugenzi alikuwa nchi nyingine, na huko kwenye nchi nyingine hakuna aliyekuwa amemwona. Wageni walikuwa wanapokewa na kisanduku cheupe kilichofungwa ukutani.

“Karibuni Itika,” ilisema sauti ya Charlotte. “Niwasaidie nini?”

Baudouin akavua kofia. “Mi Inspekta Ntambwe, wa serikali. Nimekuja na mwenyewe. Tunaomba urudi kwake mu siku nane.”

“Ombi lenu limepokelewa.”

“Na wewe, unapenda kurudi?”

Ikasikika pumzi ikivutwa.

“Sina ruhusa ya kujibu swali hilo,” ilisema sauti. “Kuna jambo lingine?”

Charlotte akasogea, akaweka kiganja juu ya kisanduku. Kilikuwa cha moto kidogo, kama paji la uso la mtoto aliyelala. Joyeuse akageukia dirishani.

“Magaribi inaimbaka,” akasema polepole. “Tukisha zima mashini yote. Mi siandike ile mu ripoti.”

“Inaimba nini?”

“Ya kulalisha batoto.”

Baudouin akafungua fomu, akaongeza: huimba jioni. Joyeuse akaweka saini kama shahidi.

Waliporudi ofisini, inspekta alimwekea Charlotte karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa amri ya kufunga. Ikitiwa saini leo, sauti ingezimwa leo hii kila mahali: kituoni, benki, na kwenye simu ya mama Henriette. Sauti iliyozimwa inakwenda wapi, sheria haikusema. Ya pili ilikuwa ombi la kurudishiwa. Hiyo ingepitia Kinshasa, halafu ingevuka mipaka.

“Sitaki kukudanganya, mama,” akasema. “Ya kwanza njo iko na nguvu. Ya pili ni kuomba tu.”

Charlotte aliandika kwamba anahitaji siku tatu.

Akapanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua makaa, akafika Mutshatsha amejaa vumbi jeusi. Mama yake alikuwa amekaa kizingitini, simu mapajani.

“Mama, ulikunywa dawa?” iliuliza simu kwa sauti ya Charlotte, ambaye hakuwa ameandika ujumbe wowote.

“Nilikunywa.”

“Na mugongo?”

“Inauma kidogo tu.”

“Pole, mama. Nakukumbusha kuna ofa ya intaneti ya siku saba. Usikose.”

“Aksanti, mutoto yangu,” akasema mama Henriette. Alikuwa anasikiliza matangazo mpaka mwisho, kwa heshima.

Charlotte akapiga magoti, akamshika mikono. Mama akapapasa vidole, akapanda mpaka kwenye kovu la mkono lililoachwa na sufuria ya bukari zamani, kisha akapapasa uso mzima, paji, mashavu, kidevu. Hakushtuka.

“Charlotte,” akasema. “Umekuja nusu.”

Charlotte akatikisa kichwa ndani ya viganja vyake kukubali.

“Najua. Ile ingine iko na kazi mingi ku Kolwezi, inaniambiaka. Siku gani mutakuja bote mbili?”

Charlotte akawasha moto, akasonga bukari, akamwosha mama miguu. Walipokuwa wanakula, mama Henriette aliisimulia nusu iliyokuja habari za majirani. Kisha akachukua simu, akaiarifu nusu ya pili kwamba mwenzake alifika salama. “Nafurahi kusikia hivyo,” ilisema simu. Charlotte alimwona mama yake anacheka, meno yote nje, jinsi alivyokuwa hajamwona akicheka tangu macho yazimike.

Siku ya tatu alirudi Kolwezi, na Jumatatu akatia saini karatasi ya pili.

Baudouin hakubishana naye. Aliipiga muhuri mara mbili ili iwe na uzito zaidi, akaituma. Siku nane zikapita, na baada yake wiki nane. Alituma barua za kukumbusha, nne, kila moja fupi kuliko iliyotangulia. Tata Josias alifariki, na wanawe wakaja kuuliza kama hatua zake zinaweza kurudishwa angalau kwa mazishi. Wakaandikiwa.

Jibu lilifika katikati ya kiangazi. Serikali ilikuwa imeshinda. Kampuni ilikubali kwamba herufi zilikuwa ndogo, na zingekuzwa. Kitufe cha kijani kingekuwa cheupe. Kampuni ingeomba radhi kwa umma kwenye redio, mara tatu kwa siku, kwa siku saba. Kuhusu sauti yenyewe, ilibainika kwamba mwenyewe alikuwa amekubali.

Inspekta aliisoma amesimama, mpaka saini ya mwisho.

“Tulishinda,” akasema. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. “Unisamehe, mama.”

Aksanti, tata, aliandika Charlotte. Ni wewe peke yako uliyeiuliza kama inapenda kurudi.

Aliuza meza yake ya Musonoi kwa jirani, akafunga godoro na nguo. Kabla ya kupanda lori alipita kituo cha mabasi akasikiliza matangazo ya safari tatu. Kisha akaenda kukaa na mama yake.

Jumatano alasiri walikuwa kizingitini wanachambua sombe, majani ya muhogo. Mbombo, jirani yao, alikuwa amewaazima redio, na redio ilikuwa inapiga muziki wa zamani wa gitaa. Muziki ukakatika.

“Sisi, kampuni ya Itika,” ilisema sauti ya Charlotte, “tunaomba radhi kwa wote tuliowaumiza bila kukusudia.”

Mama Henriette akainua mkono, majani ya sombe bado katikati ya vidole.

“Unasikia? Anaomba musamaha.”

Akasikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande. Tangazo lilipoanza tena kwa Kifaransa, aliisogelea redio akaongea nayo kwa upole.

“Mi sina kasirani na wewe, mutoto yangu. Hata siku moja sikukuwa nayo. Rudi tu nyumbani.”

Redio ikaendelea na Kifaransa chake. Mama Henriette akanyoosha mkono pembeni, akaligusa goti la yule aliyekaa karibu naye.

“Ongeza kidogo,” akasema. “Anasemea mbali.”

Charlotte akaweka sombe chini, akainuka, akaongeza sauti.